Mama Veterinere Alipoona Picha ya Terrier

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Sikuwahi kumwuliza, na sasa sina uso wa kumwuliza. Ninachokijua ni kile anachokijua kila mtu wa avenue yetu hapa Bunia: kwa miaka mingi, ukimwona mwanamke mrefu amefunga kitenge juu ya suruali, amebeba kichwani sanduku la buluu lenye barafu, huyo alikuwa Mama Veterinere, anakwenda kuchanja wanyama wa watu. Alikuwa muuguzi wa mifugo, si daktari, na hakupenda watu wachanganye hayo mawili. "Miye si docteur," alikuwa akisema. "Docteur anaikala ku bureau. Miye niko na mavi ya ng'ombe ku viatu."

Mimi ni directeur wa shule ya msingi. Nimezoea kuandika ripoti kuhusu watu wengine, na wakubwa wangu huzisifu. Hii ya leo inanitia aibu kabla sijafika mbali, kwa hiyo msomaji anivumilie nikizungukazunguka kidogo. Nitaanza na mambo yake mazuri, maana ndiyo rahisi kuyasema.

Chanjo zake alizihifadhi katika friji ya parokia, kwa kuwa umeme wa kwake haukuaminika. Alfajiri alizitoa, akazipanga kwenye lile sanduku, akapanda moto, yaani pikipiki, kiubavu, sanduku mapajani, kwenda Bogoro au Bule au popote palipokuwa na ng'ombe wa kuchoma sindano. Kitu kimoja hakukubali kamwe: dawa iliyopata joto. Siku moja moto ilimharibikia njiani, na alipofika Bogoro barafu ilikuwa maji matupu. Wafugaji walikuwa wamekusanya ng'ombe tangu asubuhi, vijana wamechoka kuwazuia, na mwenye kundi kubwa akamwomba achome hivyo hivyo. "Choma tu, Mama. Ng'ombe haijue." Yeye akafunga sanduku lake. "Ng'ombe haijue, lakini miye najua." Wakamtukana hadi alipopotea kwenye kona. Kesho yake alirudi na barafu mpya, akawachoma wote, wala hakukumbusha mtu matusi ya jana.

Mtu akisikia hivyo atafikiri alikuwa mtakatifu. Hapana. Alikuwa mwizi wa maua. Kila ua alioingia kuchanja mbuzi, alitoka na kitawi alichokivunja bila kuomba, amekificha ndani ya sanduku kando ya dawa. Mke wangu alimfumania na waridi letu mkononi, naye akajibu bila kupepesa jicho, "Ua haina mwenyewe, mwenyewe iko Mungu." Uwanja wake ulijaa maua ya wizi kutoka nusu ya mji. Na siku za Jumapili aliyakata, akayapeleka altareni, akayapanga vizuri mbele ya macho ya wale wale aliowaibia.

Kuhusu mbwa alikuwa na mambo yake peke yake. Aliwapenda kuliko tunavyowapenda sisi wengine, tunaowatupia mifupa na mawe kwa mkono uleule, lakini hakuna mbwa aliyevuka kizingiti chake, na mtoto aliyembusu mbwa mdomoni alipigwa kofi hapo hapo. Watu aliwasemesha Kiswahili, mbuzi aliwasemesha lugha ya nyumbani kwao, na mbwa aliwasemesha Kifaransa. "Assis. Couché. Viens." Kaa, lala, njoo. Nilimwuliza sababu. Akasema mbwa anahitaji maneno ambayo hayatumiwi kumgombeza mtu, ili asichanganyikiwe ugomvi ukitokea nyumbani. Mimi mwalimu wa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria jambo kama hilo kwa ajili ya watoto.

Alikuwa na mbwa jike mmoja, mwekundu, miguu myeupe, mkia umejikunja juu ya mgongo, wa aina ile ya kwetu isiyobweka ovyo. Jina lake Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa sababu alisimamia uwanja mzima: kuku, mbuzi na wageni. Watoto wa Kapita walitakiwa na watu wengi, lakini Mama Veterinere hakumpa mtu mbwa kwa kuombwa tu. Kwanza ulitakiwa uje kwake jioni kumi na nne mfululizo, wewe mwenyewe utakayemtunza, na chakula umekibeba katika bakuli lako, umlishe Kapita mbele ya watoto wake. Ukikosa jioni moja, unaanza upya. Mkubwa mmoja wa ofisi alimtuma dereva na bakuli la nyama. Nyama ikarudi. "Wambie patron, mbwa haitaikala na chauffeur."

Mimi nilizimaliza zote kumi na nne. Mvua ilininyeshea, walimu wenzangu walinicheka, na siku ya mwisho nilijisifu nyumbani kana kwamba nimepata diploma. Nikapewa dume mwekundu, miguu myeupe, sura ya mama yake kabisa. Tukamwita Tigre.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Tigre alipokua alichimbua bustani ya mke wangu, na nywele zake zilimpa mke wangu kikohozi, kwa maana kifua chake ni kibovu tangu zamani. Nikamfunga kwa mnyororo nyuma ya jiko. Mnyororo ulikuwa mfupi, na mchana kutwa alizunguka palepale mpaka ardhi ikawa shimo. Alikonda. Alianza kuonyesha meno hata kwangu mimi niliyemlisha. Mama Veterinere alipotangaza siku ya kuchanja mbwa, sikumpeleka, kwa sababu angeuona ule ukondefu na alama ya mnyororo shingoni, na angekumbuka zile jioni kumi na nne. Mara ya kwanza nilisema mbwa yuko kwa ndugu yangu. Mara ya pili alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, na mke wangu akamwambia nimesafiri, nami nimekaa chumbani na viatu mkononi ili nisisikike.

Miaka sita iliyopita, jioni moja mvua ikianza kudondoka, Tigre alikata mnyororo. Baada ya muda nilimwona akirudi kupitia upenyo wa ua, mkia chini, mdomoni ana kipande cha kitambaa cha buluu. Nilikitambua kitambaa hicho. Ni sare ya shule yangu. Papo hapo nikasikia makelele barabarani.

Mtoto wa darasa la tatu, mwanafunzi wangu, alikuwa ameumwa nyama ya mguu. Alikuwa analia na kurudia maneno yaleyale: mbwa mwekundu, miguu myeupe. Tigre alikuwa amefichwa nyuma ya jiko miaka yote hiyo, wachache walikumbuka kwamba yupo. Kapita alijulikana na kila mtu. Nilimfungia Tigre jikoni, nikakitupa kile kitambaa chooni, nikanawa mikono. Watu walipofika walikuja kwanza kwangu, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa kamati ya avenue, na wiki mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimewahubiria mkutanoni juu ya watu wanaoacha mbwa wao wazurure.

"Directeur, iko mbwa ya nani?" baba wa mtoto aliniuliza.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Ni wangu. Badala yake nikasema, "Tutafute." Kisha nikatembea mbele yao mpaka kwa Mama Veterinere.

Alitoka na carnet mkononi, kile kijitabu cha chanjo cha Kapita. Alisikiliza. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kazini, hakujua Kapita alikuwa wapi jioni hiyo. Hakubisha kwamba mbwa wake anaweza kuuma, aliomba tu siku kumi. "Siku kumi, nitamufunga hapa, kila mutu akuje amuone. Akiwa na ugonjwa ya kichaa, itaonekana." Vijana walikuwa na fimbo na panga. Baba wa mtoto alisema haondoki hapo mbwa akiwa hai. Wote wakanigeukia, kwa sababu ya ile kamati.

Nikasema, "Mama, usalama wa watoto kwanza."

Aliniangalia kidogo. "Basi hapana fimbo," akasema. "Mutu asimuguse. Miye mwenyewe." Akaingia ndani, akatoka na sindano. Akamwambia Kapita, "Couché," na Kapita akalala chini. Mvua ilikuwa imekolea, na sisi tulisimama pale mpaka ilipokwisha kazi hiyo.

Kesho yake asubuhi, Mama Veterinere, yeye aliyefiwa na mbwa wake, ndiye aliyempeleka mtoto hospitalini. Muuguzi alipoona carnet ya Kapita alisema pengine sindano zote hazihitajiki, mbwa amechanjwa. Mama Veterinere akakataa. "Carnet ni karatasi. Mutoto achomwe zote." Alimsindikiza kila tarehe mpaka ya mwisho. Bila ukaidi wake sijui leo ningekuwa naandika nini. Mtoto huyo sasa yuko sekondari, mzima, ana kovu mguuni. Na Tigre alfajiri hiyo hiyo nilimpakia kwenye lori la samaki linaloteremka Kasenyi, nikamwambia dereva ni mlinzi hodari, na watoto wangu nikawaambia amepotea. Kama aliugua, kama aliuma mtu mwingine huko ziwani, sijui. Sikuulizia.

Baada ya hapo Mama Veterinere hakufuga mbwa tena. Ng'ombe na mbuzi aliendelea nao mpaka miguu ilipokataa. Lakini mtu akija kuomba ushauri juu ya mbwa alimrudisha. "Mbwa miye siijue tena," alisema, na watu wakadhani ni uzee. Mimi nilidhani ni hasira, na kwamba hasira hiyo ilinihusu. Nilijiambia: huyu anayetambua ugonjwa wa ng'ombe kwa kunusa sikio hawezi kukosa kumtambua mbwa aliyeuma. Anajua. Na bado kila tulipokutana aliniamkia vizuri, "Directeur, batoto banasoma?" Basi nikajiambia anajua na amenisamehe kimya kimya, na mtu akisamehewa kimya kimya haihitajiki tena aseme chochote. Imani hiyo ilinifaa sana. Niliishi nayo miaka sita, nikala, nikalala, nikafundisha somo la uraia.

Mwaka huu binti yangu mdogo, mwenye miaka kumi na mitatu, alianza kuomba mbwa. Nikamwambia kifua cha mama yake hakiruhusu nywele za mbwa. Hakubishana. Alikwenda akatafuta kwenye simu, jioni akarudi na jibu: kuna terrier moja ya Ulaya inayoitwa Bedlington, aina ambayo hata huko kwao si wengi wanayo, yenye manyoya ya kujikunja yasiyopukutika ndani ya nyumba. Terrier ni wale mbwa wadogo wenye moyo mkubwa, waliolelewa kufuata panya na wanyama wa mashimoni. Picha yake ilituchekesha wote. Ukimwona unasema ni mwana-kondoo aliyeachishwa ziwa juzi.

Binamu yangu anayefanya biashara Kampala alithibitisha kwamba kuna mama mmoja huko anaye jike mwenye mimba. Nakiri kwamba mimi nilimtaka mbwa huyo kuliko binti yangu. Nilikuwa nawaona tayari watu wa avenue wakisimama getini kuuliza ni mnyama gani huyu, na mimi nikijibu polepole. Mke wangu akasema sharti moja: kabla ya lolote niende kwa Mama Veterinere, yeye aseme kama mbwa huyo ataweza kuishi hapa, na atuandikie karatasi ya chanjo zinazotakiwa. Niliahirisha miezi mitatu. Binti yangu akachoka kungoja, na Jumamosi moja asubuhi akasimama mlangoni amevaa viatu.

Tulimkuta kwenye baraza, mguu wa kushoto umevimba juu ya kigoda, anachambua maharagwe. Amekonda. Macho ni yale yale. Alimwita binti yangu akae karibu, akavaa miwani, akaitazama picha ya Bedlington kwa muda mrefu. Kisha akacheka mpaka akashika kifua.

"Hii iko mbwa ao iko mwana-kondoo? Ku avenue yetu batamufunga na kondoo. Siku kuu ya fête batamukata!"

"Koko, iko mbwa ya kweli," binti yangu akasema, maana kwake kila bibi ni koko. "Inakamata panya."

Hapo akaacha kucheka, akaanza kazi. Aliuliza maswali kwa nusu saa, na nilimwona akirudi kuwa yule wa zamani. Nywele hazianguki, vizuri, lakini lazima zikatwe kila baada ya wiki chache. Nani atakata, yule coiffeur wa rond-point? Aina hiyo ina ugonjwa wa ini unaotoka kwa wazazi, mwenye jike wa Kampala aonyeshe kwanza karatasi za vipimo. Ni mpole kwa watoto, lakini akimwona kuku anakimbia hutaweza kumwita akarudi. Binti yangu aliandika yote kwenye daftari. Nilianza kupumua. Nilijiambia: unaona, amesahau, mambo yamekwisha.

Kisha akavua miwani, akamgeukia mtoto.

"Sasa sikiya, mutoto. Usiamini sana maneno ya koko. Miye nilikuwaka na mbwa, jina yake Kapita. Nilimuona siku alifungua macho. Nilikuwa nasema kwa batu bote, huyu hapana kuuma mutoto, hata siku moja. Akauma. Ile siku nilijua: sijue mbwa. Tangu pale sijapatia mutu mbwa, juu nitamudanganya. Ule mutoto anapita hapa na kovu ku muguu, na miye nasema ndani ya roho, iko miye nilimufanya vile."

Alisema bila kulalamika, mikono ikiendelea na maharagwe. Hakuwa akijua. Miaka sita hakuwa akijua. Hakunisamehe kamwe, kwa sababu hakuwahi kudhani ana la kunisamehe. Mzigo wangu aliubeba yeye, akadhani ni wake, na kwa ajili yake akaacha kitu alichokijua kuliko mtu yeyote katika mji huu. Nilitamani kuaga. Niliinuka hata nusu, nikakaa tena.

"Mama," nikasema, "haikuwa Kapita."

Nikamweleza. Mnyororo, upenyo wa ua, kitambaa cha buluu, lori la samaki. Binti yangu alikuwa amekaa katikati yetu, na sikumwambia aende mbali. Nilipomaliza, mikono ya Mama Veterinere ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

"Kitambaa uliweka wapi?"

"Nilitupa ku choo, Mama."

"Kiisha ukakuja hapa na bale vijana."

"Ndiyo, Mama."

"Iko weye ulisema usalama ya batoto."

"Ndiyo."

Hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angenipigia. Aliutazama uwanja wake, akasema, na si kwangu, "Kapita hakuuma." Akarudia, taratibu. "Nilimwambia alale, akalala."

Nilianza kuomba msamaha. Akainua kiganja, nikanyamaza. Alivaa tena miwani, akaivuta simu ya binti yangu karibu, akaitazama ile picha, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kazini.

"Mbwa hii iko muzuri, mutoto. Mama yako atapumua, na panya itaisha ku nyumba. Karatasi nitaandika, ni kazi yangu. Lakini kwanza, mbele nisaini, ulize baba yako kitu moja. Siku itauma mutu, na batu bakuje bote ku mulango, atasema iko mbwa ya nani?"

Binti yangu alinigeukia. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, na safari hii nilikuwa na hakika nalo. Alinitazama usoni, sijui kwa muda gani, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto yeyote, wa shule wala wa kwangu. Hakuniuliza. Alifunga daftari, akazima simu.

"Koko, acha tu," akasema. "Mbwa isikuje kwetu."